Walichoandikiwa Wafadhili

Mwalimu wangu Salima,

Mungu akurehemu na akupanulie kaburi. Nimeanza na dua usije ukasema tena kwamba mimi Zaina nina haraka ya kugombana. Ugomvi upo, na safari hii ni wako na wangu.

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Siku ile upepo ulitupiga vumbi machoni hata ikawa vigumu kujua nani analia na nani ameingiwa na mchanga. Mimi sikulia. Nilikuwa na kazi ya kuangalia watu. Wenzetu wa Kindu, kwetu Kongo, walikuja wote, hata wale mliokuwa hamsalimiani. Mama Claudine, na Ukristo wake, alipika siku tatu mfululizo na hakuruhusu mtu mwingine ashike mwiko. Wauza vitambaa wa Mchesi kule mjini, wale uliokuwa ukibishana nao mpaka jasho linawatoka, walituma mchele. Kutoka ng'ambo halikuja hata neno moja. Wale wafadhili uliowaandikia barua mwaka baada ya mwaka, ukawataja kwa majina katika dua zako, hakuna hata mmoja aliyesema poleni.

Unanijua. Mimi nikipewa chai ya bure huuliza kwanza ilipikwa kwa ajili ya nani. Basi nikaanza kumtazama Madame Lotte, mzungu anayepitisha barua zetu kwao, kwa jicho la pembeni. Nilijiambia rambirambi zimekuja, yeye amezikalia, na pengine hazikuja mikono mitupu.

Matanga yalipokwisha, alikuja hapa kambini Dzaleka, akatukalisha darasani kwako katikati ya vyerehani, akatangaza kwamba anarudi kwao. Hatakuwa tena mtu wa kukaa Lilongwe na kuja kwetu kila Jumanne. Kazi yake sasa itakuwa kulekule, kuzunguka makanisani na kwa marafiki akituombea msaada, na darasa la wanawake litaongozwa na wakimbizi wenyewe. Kisha akanigeukia. "Zaina, mratibu ni wewe." Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilijiuliza. Miaka yote tumeshika ufunguo wa stoo kwa kuomba, leo ghafla tumekuwa "wenyewe"? Anayeondoka huacha mzigo, na mimi nilitaka kujua ndani ya mzigo ule mna nini.

Mama Claudine alinicheka njia nzima. "We Zaina, hata mutu akikuletea mvua utamuuliza mawingu ametoa wapi."

Nikaomba kibali cha kutoka kambini, nikaenda Lilongwe kupokea makaratasi. Nilipitia soko la Tsoka kununua zipu. Muuzaji wako yuleyule alinijua, akauliza yuko wapi yule mama anayefungua na kufunga kila zipu mara tatu kabla ya kulipa. Nilimwambia umesafiri. Sijui kwa nini. Neno lilitoka lenyewe, nikanunua zipu zake bila kuzijaribu, na mbili zimeshakwama.

Nyumbani kwa Madame kulikuwa na masanduku kila pembe. Alinipa kiti, akanipa barua iliyokwisha kupigwa chapa. Ilikuwa barua ya kuwaaga wafadhili na kuwaomba waendelee kuchangia. Chini palikuwa na nafasi mbili za sahihi, ya kwake na ya kwangu. Akasema nisome, kwa kuwa sasa mimi ndiye nitakayekuwa naandika nao.

Nilisoma kwa Kifaransa kile ulichoninoa mwenyewe. Aya ya kwanza ilieleza mabadiliko ya kazi yake, sawa. Ya pili ilisema: Salima anawasalimu, bado anafundisha kwa moyo uleule.

Nilirudia mstari ule nikidhani macho yangu ndiyo mabovu. Nikamwuliza. Madame alikaa chini, akavua miwani. "Zaina, twende polepole. Mi naondoka, Salima naye ameondoka. Watu kule wanatoa kwa sababu wanatujua sisi wawili. Wakisikia yote mara moja, wataogopa, wataacha." Kumbe ndiyo maana hazikuja rambirambi. Hakukalia chochote. Hakuwaambia tu. Kule kwao, Mwalimu, ulikuwa bado unakata vitambaa.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda, ningerudi kambini nikamwambia Mama Claudine mawingu yalitoka wapi. Lakini kulikuwa na aya ya tatu. Ilisema: Zaina, yatima tuliyempokea bila baba wala mama, leo anashika usukani.

Nilipiga kelele mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Baba amekufa, kweli. Lakini mama yangu yuko Kindu, anauza mafuta ya mawese, na kila Ijumaa ananipigia simu kuniuliza kama nimekula! Nilimwita Madame mwongo. Nilimwambia mengine pia, na hayo siyaandiki kwa sababu wewe hukupenda.  Yeye aliingia chumbani akatoka na faili la bluu, akaliweka mapajani mwangu.

Niliujua mwandiko kabla sijasoma. Nani mwingine anaivuta herufi Z mkia mrefu namna ile. Barua moja, ya pili, ya tano. Zaina hana mtu duniani. Zaina, yatima wetu, ameanza kushona. Zaina, ambaye mama yake alikufa vitani, sasa anawasaidia wenzake kusoma. "Nilidhani unajua," Madame akasema. Nilimkazia macho nione kama anadanganya. Sidhani.

Katikati ya barua zako mlikuwa na kadi saba kutoka kwa bibi mmoja wa huko, mwandiko wake unatetemeka. Kila mwaka, katika siku wanayowakumbuka wafu wao, huwasha mshumaa kanisani kwa ajili ya mama yangu. Miaka saba mama yangu anaombewa kama maiti, na yeye yuko sokoni anabishana na wateja.

Mama yangu, Mwalimu! Aliyekutumia samaki mkavu kupitia kwa watu wanaosafiri, ukamla mpaka ukalamba vidole. Ulikuwa ukininyang'anya simu yangu ukazungumza naye, ukimwita dada, mkicheka mambo ya Kindu ya kabla mimi sijazaliwa.

Na ilikuwa sheria yako wewe, si ya Madame. Habari ya mtu haiendi ng'ambo kabla mwenyewe hajasomewa. "Mi sitaki mutu asikie habari yake kwa kinywa ya mwengine." Ulikuwa ukimkalisha kila mmoja kwenye kigoda, unamgeuzia Kifaransa chako kwa Kiswahili, naye anasema andika, au anasema ondoa. Unakumbuka ulipoandika kwamba Mama Claudine alikuwa na bwana hodari? Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Toa uhodari, acha bwana." Tulicheka mpaka sindano zikaanguka. Zamu yangu ikawa haifiki. Nikiuliza, unasema, "We iko wa nyumbani, kwako haina haja." Nami nilivimba kichwa. Niliona nimependelewa.

Tangu siku ile ninakutilia shaka, na sikuwahi kukutilia. Ninapitia kila kitu ulichonipa, ninakigeuza kama wewe na zipu zako. Cherehani yangu ilitoka kwao. Karo ya binti yangu ilitoka kwao. Nilikumbuka mwaka ule darasa lilipokaribia kufungwa, nikaja na furaha kukuonyesha sare za shule nilizoshona peke yangu. Ulizishika, ukazisifu, kisha ukasema kwa sauti ya chini, "Bazungu banachoka na mutu mwenye anaanza kusimama." Sikuelewa. Sasa naelewa kwamba ulikuwa unaniambia jambo, kwa woga.

Ulinipenda, au nilikuwa aya yako nzuri? Nimekuuliza hivyo kaburini pia, kwa sauti, watu wakipita. Halafu nakumbuka homa iliyonilaza nusu nipo nusu sipo, ulivyoniosha mwili mzima kama mtoto mchanga na kubadilisha shuka bila kukunja pua. Hayo hukuyaandika popote. Nimelitafuta jambo hilo katika faili lote, halimo. Hakuna mfadhili aliyelisoma. Kwa hiyo naamini ulinipenda. Na ulidanganya juu yangu pia. Yote mawili, na sijui nitayaweka wapi.

Madame alinisogezea kalamu. "Tuache hivi mwaka huu. Ukishaizoea kazi, mwaka kesho tutarekebisha polepole." Niliishika, Mwalimu, nisikufiche. Nilifikiria wanawake wetu. Nilimfikiria Mama Claudine, ambaye bila darasa atarudi kulima mashamba ya watu na mgongo wake ule. Sahihi ni mkwaruzo mdogo tu. Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Ndipo nikafikiri kwamba nikitia sahihi, safari hii aliyemuua mama yangu ni mimi. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni, nikarudi Dzaleka nayo.

Ijumaa mama alipopiga nilimweleza.  Akaanza kucheka, unakijua kile kicheko chake. "Kama mi nilikufa na batoto banakula, si mubaya sana. Lakini sasa unifufue, mama. Nimechoka kufa." Halafu akauliza kwa sauti nyingine, "Ule mwanamuke alikuwa anakupenda?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi umuombee. Na umukasirikie, ni haki yako."

Jumamosi niliwakusanya wanawake, nikawasomea yote, ya Madame na ya kwako. Sikukuficha, wala sikukuchafua.  Mmoja alisema tuache kama ilivyo, njaa haina aibu, na sikumlaumu kwa kuwa nami nilikuwa nimeishika kalamu. Wakabishana hadi adhana ya alasiri. Mwisho Mama Claudine akasimama, ameshika kiuno. "Andika kweli. Kama banaacha, baache. Mi nilishakimbia mara mbili, sitakimbia barua."

Basi nikaandika. Niliwaeleza kwamba Madame anabadili kazi, kwamba kuanzia sasa atakayewaandikia ni mimi, na kwamba nitawaomba msaada bila haya kwa sababu tunauhitaji. Nikaandika kwamba mama yangu ni mzima, muuza mawese, na kwamba kosa lile liliandikwa na mtu niliyempenda. Bibi wa kadi nilimwandikia karatasi yake peke yake. Hayo yote yalitoka haraka, hasira ikiyasukuma.

Nikabakiwa na mstari mmoja, wa kwako. Nikaandika "Salima ametutoka", nikafuta. "Salima hayupo nasi", nikafuta. Miezi hii yote nimekalia kiti chako, nimevaa kitambulisho chako cha darasani, nimemjibu muuza zipu kwamba umesafiri. Nilikuwa nimewakodolea macho watu wote, Madame, wafadhili, waombolezaji, nikitafuta nani anaficha nini. Mwishowe nikaandika kama mtu anavyosema: Mwalimu Salima amekufa. Nikalaza kichwa juu ya cherehani, nikalia kilio cha matanga niliyokupunja. Mama Claudine alifunga mlango akakaa nje, asiruhusu mtu kuingia.

Madame ameituma. Hakufurahi, lakini ameituma kama ilivyo, nami nimehakikisha, maana nilimwambia anitumie nakala. Ni wiki ya tatu na majibu hayajaja. Huenda wakaacha. Huenda wako msibani, kwao wewe umekufa juzi tu.

Nakuahidi haya, Mwalimu. Nikiwaandikia watu habari zako, sitakufanya malaika na sitakufanya mwizi. Nitasema uliniosha nilipougua, nitasema ulimwandika mama yangu kuwa marehemu ili binti yangu asome. Na nitakuja kila Ijumaa kukusomea dua, hata zile Ijumaa ambazo bado nitakuwa nimekasirika.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Nimewaambia kwamba umekufa. Sasa na mimi nimejua.

Mwanafunzi wako,
Zaina