Profesa anayetujua sote kwa majina

Maren, nimeaibika mpaka natamani kuhama Ohio.

Leo nilikuwa natembeza chuoni wazazi wanaotafutia watoto wao chuo. Natembea kinyumenyume, nikiwatazama, kama kawaida yetu sisi tunaotembeza wageni, nawaimbia wimbo ule ule: chuo chetu kidogo, wote tunaishi humu humu, darasani tuko tisa, kila mwalimu anakujua kwa jina.

Nikamgonga mtu kwa mgongo. Profesa Whitlock. Amenifundisha miaka mitatu, Maren. Miaka mitatu.

Akanipa mkono, anatabasamu: "Karibu sana, binti. Unafikiria kuja kusomea nini?"

Kuja. Mimi.

Baba mmoja akafunga kijitabu cha chuo taratibu.

Nikamjibu, "Bado naangalia vyuo vingine, Profesa."

Akanitakia kila la heri.

Na ndiye anayeniandikia barua ya kunipendekeza kazini. Inatakiwa Ijumaa.