Kaka, Picha Yako Imetundikwa Chini ya Baba

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya ukumbi.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko na baridi yake? Natumai mgongo umepoa, na kwamba wifi amekukataza kubeba mizigo ya watu kama vile unalipwa kwa uzito. Watoto nao lazima wameshakuwa wakubwa. Sisi huku wazima. Mama presha imetulia, ulimi bado. Baba magoti yanamsumbua. Anapanda ngazi za ukumbi akiwa amenishika kiwiko, na akifika juu ananiachia upesi wanafunzi wasije wakaona. Mimi mwili hauna neno. Moyoni ni habari nyingine, ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu ningelia, wewe ungenibembeleza, tukaishia kuzungumzia mvua.

Bila shaka baba amekwambia kwamba tumehama shirikisho la taekwondo. La zamani lilikataa kumpandisha daraja, akanuna, akabeba chuo kizima na kukipeleka kwa mahasimu wao. Hawa wapya wako tayari kumpa cheo cha Mwalimu Mkubwa, ambacho juu yake katika taekwondo hakuna kingine. Lakini wana sharti lao. Ukoo wake ujulikane: nani alimfundisha, na yeye anamwachia nani. Ukoo huo hutundikwa ukutani mbele ya ukumbi, picha chini ya picha, na kila darasa huanza kwa kuuinamia na kuutaja kwa sauti.

Upande wa juu haukumpa shida. Unamkumbuka mzee aliyemfundisha baba kwenye lile ghala la magunia, tuliyekuwa tunamwita Babu Teke? Alikuwa mtu wa shirikisho la zamani mpaka anaingia kaburini, na marehemu huwezi kumhamisha. Basi ameshushwa. Mahali pake amepandishwa bwana mmoja wa shirikisho jipya, rika lako kabisa. Baba alikutana naye kwenye semina, wakapeana mikono, wakapigwa picha. Huyo ndiye mwalimu wa baba siku hizi. Nilicheka mpaka mama akaja kuniuliza kuna nini. Kicheko kiliniisha nilipoona jina lililowekwa chini ya baba.

Ni lako, Kaka.

Hebu niambie, tangu uondoke ni nani anayefungua ule ukumbi asubuhi? Baba anakaa kwenye kiti chake, anahesabu kwa Kikorea na kukaripia. Anayeinua mguu ni mimi. Kila mtoto aliyemo mle nilimpokea akiwa na mkanda mweupe, hajui hata kusimama kwa mguu mmoja, nikamshika kifundo na kukielekeza mpaka kikajua njia. Yupo binti wa fundi cherehani aliyekuwa akiogopa kupiga kelele. Sasa akipiga teke na sauti yake, wapita njia huko chini husimama.

Nilimwuliza baba, mimi niko wapi kwenye ukoo huo? Hakuinua hata macho kwenye kikombe.

"Wewe si wangu? Mtu wa nyumbani unamwandika wa nini?"

Nikamwambia hata kaka ni wa nyumbani.

"Yule mwanamume. Wageni wakiuliza mrithi, niwaoneshe nani?"

Mama alikuwa anakunja nguo. Akaniambia niyaache hayo, nisimpandishe mzee hasira bure. Nikayaacha. Nikaenda kufagia ukumbi.

Na wewe nilikutetea, ujue. Nilijisemea kaka wa watu hana habari, ametajwa tu, akisikia atang'aka. Halafu picha yako ikafika.

Kumbe ulinunua hadi sare! Mikunjo ya dukani bado inaonekana. Umesimama mbele ya pazia, ngumi mbele, umekunja uso kama mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Na mkanda mweusi umeufunga kama mtu anayetoka kuoga, ncha moja inagusa goti na nyingine haionekani. Kufunga mkanda ndilo somo letu la kwanza, Kaka. Watoto walivunjika mbavu. Binti wa fundi cherehani ndiye aliyekuonea huruma. "Mwalimu," akaniuliza, "huyu anaanza lini?" Baba akamkata jicho, akaniita pembeni, akanipa mkasi. Nikate picha juu ya kiuno.

Niliikata. Na niliitundika mimi, kwa sababu baba hawezi tena kupanda juu ya stuli. Sasa uko pale kichwa na kifua. Kila jioni nasimama mbele ya wanafunzi wangu na kukuinamia, nao wanasema kwa sauti moja kwamba wewe ndiye mwalimu wao. Vyeti vyao vya mkanda mweusi vitasema hivyohivyo. Inaniuma. Sikufichi, inaniuma kuliko siku niliyovunjika mguu mle ndani, na siku ile unajua nilivyopiga mayowe.

Baba nimemzoea. Ndivyo alivyo, hata Babu Teke hakusalimika. Wewe ndiye uliyenimaliza. Ulikuwa unatoroka mazoezi kwenda kucheza mpira, mimi nikikudanganyia kwa baba kwamba una homa. Ni wewe uliyenipa jina la Kiroboto kwa vile sikuacha kuruka. Ulijua fika ni nani yuko ukumbini miaka yote hii. Baba akakupigia simu moja tu, ukasema sawa. Hata kunibip hukunibip.

Sasa nikupe ujumbe niliotumwa. Baba anakutaka uje mwisho wa mwezi ujao, wajumbe watakapofika kumvisha cheo na kuthibitisha ukoo. Nimefikisha.

Langu mwenyewe ni hili. Nilimwuliza katibu wao kimyakimya. Alisema jina likishathibitishwa halitoki tena, lakini kabla ya hapo mwenye jina akikataa, nafasi inakwenda kwa yule anayefundisha. Mimi siwezi kulitoa, na baba hataki. Ni wewe tu. Mpigie umwambie kwamba hujawahi kumfundisha mtu yeyote, na kwamba anayefundisha anaishi naye nyumba moja. Usiseme nimekutuma. Sema kwa sababu ni kweli.

Nisalimie sana wifi, na wanao wote uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na usilale ukiwa umenuniana na mkeo. Shangazi naye bado anauliza utarudi lini. Mungu awape afya, na kazi isiyovunja mgongo.

Ukinyamaza pia nitakuelewa. Nitaendelea kufungua ukumbi, maana watoto hawana kosa. Ila wakiniuliza kama nina ndugu, nitawajibu kwamba nilizaliwa peke yangu. Kumtoa mtu kwenye ukoo si kazi ngumu. Hilo baba mwenyewe amenifundisha.

Wako akupendaye, mpaka sasa,

Kiroboto