Mudogo Mwenye Kubebwa Mugongoni

Mujukulu wangu Kapinga,

Hapa Kolwezi tuko wazima, mvula imeanza, mama yako anapanda mihogo. Uliniuliza kwa nini, kwa chura bengi, jike anashinda dume kwa ukubwa.

Nilipokuwa binti mudogo kule Mutshatsha, kwenye dimbwi karibu na reli, niliona chura mukubwa amebeba mudogo mugongoni. Nikatafuta kipande cha kitenge cha kumufunga mutoto asianguke! Mama yangu akacheka mpaka akakaa chini.

“Mutoto gani? Ule ni bwana yake!”

Akanionyesha mayai, rundo zima ndani ya maji. Yote yalitoka katika tumbo moja. Jike mwenye mwili mukubwa anabeba mayai mengi, anaacha batoto bengi, nao banarithi ukubwa wake, kizazi mpaka kizazi. Dume, kazi yake ni kumushika jike kwa nguvu tu, haihitaji mwili mukubwa. Ule mama mi namushangaa mpaka leo: amebeba mayai, amebeba na bwana, na bado anaogelea.

Umeandika pia kwamba muchumba wako anakufika begani, na benzako banakucheka. Siku ya ndoa yangu, mupiga picha alileta tofali ili kambo yako mwanaume, bwana yangu, asimame juu yake. Nikalisukuma kwa mguu. Picha iko ukutani: hakuna anayecheka kwa furaha kumushinda bwana yangu.

Kambo yako murefu,
Ngalula