Picha Yako, Si Picha Uliyopiga

Kwako Rajabu, mdogo wangu mpendwa,

Ninakuandikia barua hii wazi, bila bahasha, kwa sababu bahasha zangu zimechoka kukutafuta huko Japani. Mara uko kaskazini kwa korongo, mara uko milimani kwa nyani, mara umeshuka kusini kuwapeleka wageni wako wakapige picha maua ya miti. Anwani yako inahama na misimu kuliko ndege wenyewe. Basi nimempa nakala moja mfanyabiashara wa Arua anayekwenda huko kununua magari, nikamwambia amsomee kila mtu wa kwetu atakayekutana naye. Yeyote anayekujua akuambie kwamba dada yako wa Koboko anakutafuta. Wakisoma na mambo ya nyumbani kwetu, wasome tu.

Sisi hapa ni wazima. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini huo msemo mama hautaki nyumbani kwake. Kila Ijumaa akipika, anatenga chakula kwenye sahani ya bluu na kusema, “Hii ya Rajabu.” Jioni wanangu wanaimaliza, naye anajifanya haoni.

Unakumbuka shamba la mtama kule Sudani, tulipokuwa tumekimbia Uganda kwa vita vya sabini na tisa? Kazi yetu mimi na wewe ilikuwa kufukuza ndege. Mimi nilipiga debe mpaka mikono ikaota malengelenge, na wewe ulikaa umeweka kidevu juu ya magoti, unawatazama wakila. Siku moja mama alitukuta hivyo, ndege wamejaa juu ya masuke kama wamealikwa.

“Rajabu! Mimi naweka wewe hapa kufukuza ndege ama kukaribisha?”

Ukamjibu bila hata kugeuka, “Mama, ngoja. Huyu moja iko na shingo nyekundu.”

Mama alikuwa ameshaokota fimbo. Akaangalia ulikoonyesha, akaiona hiyo shingo nyekundu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilimtazama nikashangaa, maana mwaka ule mzima sikuwa nimemsikia akicheka.

Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki kwa nini hakuwa akicheka. Baba alikuwa askari, akabaki nyuma sisi tulipovuka mpaka. Wenzake walikuwa wakija kambini mmoja mmoja, kila mmoja na salamu. “Mzee iko muzima. Anasalimia nyinyi sana. Alituma hii sukari.” Mama alipokea sukari kwa mikono miwili, akawagawia majirani, akasema mumewe hajamsahau. Kumbe baba alikuwa amekufa kabla hatujamaliza hata kuezeka kibanda chetu. Wale wanaume walikuwa wakiinunua sukari wenyewe, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Mama alipoujua ukweli hakugombana nao. Aliwashukuru hata, maana ilikuwa huruma. Lakini tangu siku ile haamini salamu isiyokuja na sura. Ukimwambia fulani yuko mzima, anakuuliza, “Wewe mwenyewe umeona yeye?”

Tukarudi Koboko, ukakua, ukaenda Arua kukaa kwa mjomba pale Onduparaka. Mjomba alidhani amepata mchezaji wa mpira, masikini, nawe ulikuwa golini ukiangalia mwewe angani. Ukaenda kutengeneza malori kule Vurra. Halafu ukafuatana na wale wafanyabiashara wa magari, tukasikia uko Japani. Siku ya kuondoka mama alikushika mashavu kwa muda mrefu, wewe ukaona haya kwa sababu rafiki zako walikuwa wanatazama.

Bahasha yako ya kwanza ilipofika tulitegemea picha za magari. Zikatoka picha za ndege, nyani na mlima. Nyuma yake ulikuwa umeandika, kwa zile herufi zako kubwa kubwa, kwamba umeacha gereji, sasa unaendesha gari la mzee mmoja anayewatembeza watu wenye kamera, kila msimu na mahali pake. Wakati wa theluji ni korongo na nyani. Theluji ikiisha ni maua. Kabla ya baridi kurudi ni majani yanayogeuka mekundu mlima mzima. Wewe unawaamsha wageni alfajiri, unawabebea vyuma vya miguu mitatu, unawaonyesha pa kusimama ili mmoja asimzibe mwenzake, unawamiminia chai. Uliandika, “Kazi yangu ni kunyamazisha watu mpaka ndege wasahau kwamba sisi tuko.” Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Nikasema, Mungu mkubwa, huyu mtoto amepata mahali ambapo hakuna atakayemwambia afukuze ndege.

Mama alizipenda hizo picha, usidhani hakuzipenda. Korongo wenu alisema hawana taji kama wa kwetu, wana kofia nyekundu tu kama tarabushi za askari wa zamani. Lakini wale nyani waliokaa ndani ya maji ya moto, theluji kichwani na macho wamefumba, walimshangaza.

“Mutu natoka mbali, nalipa, kuona nyani?”

“Ndiyo, mama.”

“Kwani yeye hana shamba? Hapa sisi nafukuza wao bure!”

Alizionyesha mtaa mzima. Halafu watu walipoondoka alizipanga juu ya mkeka, akazipitia tena polepole, moja moja, akainua uso. “Ndege iko. Nyani iko. Mulima iko. Mutoto yangu iko wapi?”

Nikamwambia wewe ndiye unayeendesha gari, hutokei. Nikamwonyesha maandishi yako. Akasema, “Maandishi mimi sijui. Sura najua.” Na sura yako, Rajabu, hatuna hata moja. Ile picha ya Idd tuliyopigwa Arua, sote tumetazama mbele tumekaza macho, wewe umegeukia kunguru aliyetua mlangoni kwa mpiga picha. Umetoka kisogo na sikio moja.

Ndipo tukakuandikia ile barua. Mama alisema na mimi nikaandika, neno kwa neno: “Tuma picha yako.”

Jibu lilikuja baada ya miezi, bahasha nzito. Nilimwita mama, nikaifungua mbele yake. Ndani kulikuwa na ziwa, bata wakubwa weupe na ukungu. Nyuma umeandika kwa furaha zote za dunia: “Mama, kama ulivyoomba, hii ni picha yangu! Zile za kwanza nilipewa na wageni. Hii nimepiga mwenyewe!”

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Mdogo wangu, picha yako! Nilielewa papo hapo ulivyoelewa wewe, na kosa si lako, ni la lugha yetu hii inayosema neno moja kwa mambo mawili. Mama hakucheka. Aliishika ile picha ya bata akauliza, taratibu, “Mimi naomba sura, wao natuma maji. Nani iko huko natuma hizi vitu?”

“Ni Rajabu, mama. Hakuelewa tu.”

“Rafiki ya baba yenu, wote walikuwa watu wazuri.”

Nilielewa anaogopa nini. Kwamba huko uliko kuna mtu mwema, dereva mwenzako labda, anayejua jambo na hana moyo wa kulisema, basi anatuma ndege. Niliandika haraka kukueleza. Bahasha ikarudi na mihuri ya watu nisiowajua. Nikaandika nyingine, nayo ikarudi. Mama akaacha kuonyesha watu zile picha. Sahani ya Ijumaa aliendelea kuitenga, lakini alikuwa hasemi tena ni ya nani.

Juzi imefika nyingine. Haina barua wala anwani, ni picha tu. Uwanja wa theluji, korongo mbali kabisa, wadogo kama sisimizi, na jua liko nyuma ya aliyepiga. Niliona haya kumpa mama, maana haikuwa hata nzuri, nusu yake ya chini ni theluji tupu na kivuli. Akaichukua. Akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akakaa nayo muda mrefu. Nikamsikia anaita jina langu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto.

“Kuja ona! Huyu!” Kidole chake kilikuwa juu ya kile kivuli. Kivuli cha mtu mrefu, viwiko nje, kamera usoni, amesimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ameukunja, unyayo umeegemea goti.

Mimi nilikuwa nimesahau. Mama hakusahau. Ndivyo ulivyosimama tangu ulipojua kusimama: dukani, msikitini ukingoja kuvaa viatu, hata ukichapwa. Mama akaanza kukugombeza pale pale mlangoni, machozi yanamtiririka: “Simama na miguu mbili, wewe! Hata kwa baridi? Nani alifundisha wewe hii tabia?” Akakugombeza mpaka majirani wakaja wakidhani kuna habari mbaya. Akawaonyesha kivuli. “Mutoto yangu. Muzima. Rafiki hawezi simama hivi kwa kudanganya mimi.” Akalala mchana ule usingizi mzito, picha iko kifuani, na sikumwamsha.

Kwa hiyo mama ametulia, Rajabu. Kivuli kimemtosha. Mimi hakijanitosha, na nakwambia wazi mbele ya wote wanaosoma hapa. Nakutamani. Nataka kujua kama umenenepa, kama umefuga ndevu, kama umeanza kufanana na baba, maana sura ya baba nayo inanipotea. Nataka kukuona ukiniangalia mimi, si kunguru.

Kwa hiyo sikiliza, na safari hii nachagua maneno yangu vizuri. Sitaki picha uliyopiga. Nataka picha uliyopigwa. Siku moja wageni wako wakiwa wamejipanga kimya, kamera zote zimeelekea kwa ndege, pita mbele yao usimame katikati, uso kwao. Watakukasirikia. Korongo wataruka, mzee wako atapiga kelele, watu waliotoka mbali watasema umewaharibia picha. Hiyo iliyoharibika, waombe, ndiyo ututumie.

Kwaheri ya kuonana,

Dada yako,
Koboko