Nimekusingizia Wosia

Baba Nasra,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na yako siwezi kuiuliza. Nakuombea tu, kila baada ya sala, kama mke anavyopaswa. Yangu mimi ni hii: nakula nikiwekewa, nalala nikiambiwa nikalale, na Nasra akicheka nasikia kama mtoto wa jirani anacheka. Leo ni siku ya tisini na sita ya eda. Sijalia tangu siku ya tatu. Wanawake wanasema nina subira. Siyo subira, basi tu.

Nakuandikia kwa kuwa siwezi kuja. Wanaume walikwenda kukuzika, mimi nikabaki hapa ghorofa ya tisa na wanawake wa mtaa wetu wa Xiaobei wamejaa sebuleni, kila mmoja ananishika mkono. Waliporudi wakanionyesha picha kwenye simu: udongo mbichi, kibao kidogo, maandishi ya Kichina na ya Kiarabu. Jina lako wamelipatia. Nikasema ahsanteni, nikaenda kuosha vikombe. Mama Rehema wa ghorofa ya saba, yule muuza simu uliyekuwa ukimwita redio, akaja kuninyang'anya sponji mkononi.

Nina jambo la kukiri, na nalisema sasa kabla sijaanza kuzunguka. Nimekusingizia. Nimewaambia watu kwamba uliniusia nikafanye mtihani wa kuingia shahada ya uzamili ya sheria. Mimi na wewe tunajua hukuniusia.

Ulisema, "Mwaka huu usamehe, Mama Nasra. Tutaona huko mbele." Ulikuwa unakata kucha, hata uso hukuinua. Nikasema sawa. Haikuwa sawa. Maombi nilikuwa nimeshayatuma, barua za walimu wangu wa Dar zilishafika, picha nilishapiga, tena nimepaka wanja na rangi ya mdomo. Shahada yangu ya kwanza imelala kwenye bahasha tangu unioe, na mimi nimekaa dukani Dengfeng nakutafsiria mikataba ya mikoba. Nikikwambia kifungu hiki kibaya, kitakuumiza, unajibu, "Duka lina sheria zake," halafu unasaini. Ulikuwa mkaidi, Mwenyezi Mungu akurehemu. Tulinuniana siku tatu kwa ajili ya mtihani ule, na siku ya nne tukaanza kusemeshana mambo ya chumvi na maji ya moto.

Asubuhi ya siku hiyo ya nne ukatoka kwenda Shiling kuangalia mzigo. Ulivaa viatu mlangoni, ukasema, "Mpigie yule laobani, mwenye kiwanda cha zipu. Mwambie zipu zake zinakwama." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Mchana ukaanguka kiwandani katikati ya mikoba. Walisema ni moyo. Nilipofika hospitali walikuwa wameshakufunika shuka, na nesi akanipa mfuko wa plastiki wenye saa yako, simu yako na mkanda. Yule wa zipu sijampigia mpaka leo.

Sasa mtihani. Tarehe ilikuwa ileile, hawakusogeza kwa sababu ya kifo chako, na ilikuja kuangukia siku ya hamsini na tatu ya eda. Na kibali changu cha kukaa China unakijua, kilikuwa kimefungwa kwenye cha kwako. Nikikosa nafasi chuoni mwaka huu, narudi Dar na Nasra, basi, mtihani wa mwakani nitausikia kwa watu. Kwa hiyo nikampigia mama yako Magomeni kumwomba ruhusa. Nilijua atakavyosema, na ndivyo alivyosema. "Mwanamke yuko kwenye eda anakwenda kwenye mtihani? Mwanangu hajapoa kaburini. Watu watatuelewaje?"

Ndipo likanitoka. Nikasema, "Mama, marehemu aliniusia. Asubuhi ile, anavaa viatu. Alisema hata likitokea la kutokea, mtihani niufanye."

Kisha akauliza, "Alisema hivyo? Kwa kinywa chake?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi wosia wa marehemu nani atauzuia." Kesho yake akamwendea sheikh wake, akanirudia na jibu: kwa haja isiyoweza kusubiri, mwenye eda anaweza kutoka mchana, asijipambe, na kabla ya magharibi awe nyumbani. Nilisomea sheria miaka minne, nikatengeneza ushahidi wa uongo kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja, na sikuhisi chochote.

Siku yenyewe nilivaa lile gauni jeupe la eda na mtandio mweupe. Mama Rehema akamchukua Nasra. Nikapanda metro, na miguu ikanishusha Pazhou. Kwa nini Pazhou, sijui. Pengine kwa kuwa kila tulipopanda njia ile pamoja tulikuwa tunakwenda kwenye maonyesho ya biashara, wewe na begi lako la sampuli. Nikasimama pale kituoni watu wananipita, mpaka nikakumbuka kwamba nina mtihani. Nikapanda treni nyingine. Mlangoni mwa chumba cha mtihani msimamizi aliitazama picha kwenye karatasi yangu, akanitazama mimi, akaitazama tena. Yule wa kwenye picha ana wanja, ana rangi ya mdomo, ana mume. Nikatoa pasipoti, akaniruhusu nipite.

Swali la tatu lilikuwa la mirathi. Mtu yuko kwenye hatari ya kufa, ametamka wosia kwa mdomo, je, unafaa? Nilijua jibu. Ni lazima wawepo mashahidi wawili. Niliandika kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikacheka kidogo, peke yangu, msimamizi akageuka kunitazama. Ungekuwepo ungesema nimeanza kuchanganyikiwa.

Mahojiano yalikuwa alasiri ileile, na mimi nikawekwa wa mwisho kwenye foleni. Nikawa natazama jua dirishani. Nikamwendea karani, binti mdogo wa Kichina, nikamwomba aniwahishe, lazima nifike nyumbani kabla jua halijazama. Akauliza kwa nini. Ningemweleza eda kwa Kichina changu cha mikataba, tungekesha. Nikamwambia, "Mume wangu ananisubiri." Akatabasamu, akanipeleka mbele. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili juu yako.

Waliokuwa mezani walikuwa watatu. Mmoja aliuliza kwa nini mtu mwenye biashara anataka kurudi shuleni. Nikawaeleza habari za mikataba, jinsi wafanyabiashara wetu wanavyosaini karatasi wasiyoweza kuisoma, na mzigo ukija mbovu hawana pa kushika. Sikukutaja. Lakini kila mfano niliotoa ulikuwa wewe. Nilifika nyumbani jua bado liko juu ya maghorofa, Mama Rehema akanipa wali, nikala wote, nikalala na viatu.

Baada ya hapo ndipo uongo ule ulipoota miguu. Mama yako aliwahadithia watu Magomeni. Wakahadithiana. Ikawa naletewa ujumbe wa sauti na watu nisiowajua vizuri, wanalia, wanasema mume gani huyu, mpaka siku yake ya mwisho anawaza elimu ya mkewe. Mwalimu mmoja wa madrasa amekutolea mfano kwa vijana wanaotaka kuoa. Nilikuwa nazisikiliza zote huku nakatakata vitunguu. Watu husingiziwa wizi, husingiziwa uzinzi. Mimi wangu nimemsingizia wema. Na ule wema wako wa kweli, kwamba ulinifundisha Kichina cha bei kabla sijakijua cha kwenye vitabu, kwamba hukuwahi kula kabla yangu hata tukiwa tumenuniana, huo hakuna aliyeuulizia.

Jana matokeo yalitoka. Nimepata, Baba Nasra. Jina langu liko kwenye orodha, nalo wamelipatia. Nililisoma, nikafunga kompyuta, nikamsuka Nasra nywele. Kisha nikampigia mama yako, na kabla hajamaliza kusema alhamdulillahi nikamwambia yote. Hukuniusia. Ulikuwa hutaki. Maneno yako ya mwisho yalikuwa ya zipu. Nilitegemea anilaani, nilikuwa tayari, pengine nilitaka hivyo, ili nihisi kitu.

Akasema, "Najua, mwanangu."

Akasema ulimpigia wiki ileile ya mwisho, ukanishitaki kwake nusu saa nzima. Kwamba nimekuwa kichwa ngumu, kwamba nimetuma maombi nyuma ya mgongo wako. Ulikuwa unajua, kumbe. Ulijua siku zote tatu tulizonuniana. Akasema, "Niliposikia eti kakuusia, nikajua maneno hayo si ya mwanangu. Lakini mimi nilikaa eda ya baba yake, nikatoka sina kazi, sina cheti, nina watoto wanne wananitazama. Nikasema huyu aende. Mimi kusema nenda nilikuwa siwezi, wangenisema. Ukanipa cha kusemea." Halafu akaniuliza Nasra amekula nini.

Nilikaa chini, pale jikoni. Sikulia, Baba Nasra, usije ukadhani. Lakini nilikukasirikia, nikakukasirikia mpaka adhuhuri, na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu wakupeleke.

Sasa na mimi nikuambie kilichoniuma, kwa kuwa nimekipata. Ruhusa yako nimeizua, na ukweli ni kwamba hata bila ya hiyo pengine ningekwenda. Ninachokulilia ni ugomvi wetu. Ulijua nimetuma maombi, ukanyamaza, mimi nikanyamaza, na jioni ile ungerudi kutoka Shiling tungeongea. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa na hoja saba. Labda ungekubali, labda ungevunja sahani, sijui, na hakuna mtu duniani anayejua. Watu wa Magomeni wamenipa mume aliyekubali bila kubishana, na mimi huyo simjui.

Kwaheri, baba. Niwie radhi kwa uongo ule wa mara mbili, na mimi nimekuwia radhi kwa yote, ya kunyamaza na ya kusaini. Nasra akikua na kuniuliza, nitamwambia baba yake alikataa. Hilo nakuahidi. Na eda ikiisha nitakuja hapo ulipo, nitakusomea Fatiha, nitakaa chini, nitakupa hoja zangu zote saba, moja baada ya nyingine. Ya tano ndiyo ingekukasirisha.

Mkeo,
Mama Nasra