Mstari wa Chini

Kwako dada yangu mkubwa,

Kwanza shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi ni mzima, nakula nashiba, na ngazi za idara nazipanda bila kushika ukuta, si kama wenzangu waliostaafu wakaanza kuchechemea. Mwandiko utauvumilia. Wewe ndiye uliyenifundisha tarakimu kwa mkaa ukutani, na herufi hatukuzimaliza.

Habari kubwa ni kwamba Ijumaa chuo kilimtunuku profesa wangu, yule tunayemwita Mama Mvua, nishani ya utafiti na utumishi. Mkuu wa chuo alisoma kwamba kwa miaka kumi na tisa mvua imepimwa hapa kila siku saa tatu asubuhi bila kukosa, na kwamba Mama Mvua amegundua inapungua tangu miaka minne iliyopita. Akasema sasa wakulima wa bondeni wataambiwa waache mahindi. Kisha nikaitwa jukwaani, maana aliyepima ni nani kama si mimi? Ukumbi mzima ulisimama, dada, na koti lilinikaa.

Walicheka pia, kwa sababu Mama Mvua aliwasimulia kisa changu na mhadhiri kijana. Binti huyo, alipoajiriwa miaka minne iliyopita, alinikuta nasoma mrija, ule wa kioo wenye mistari tunaomiminia mvua ya siku. Akaniambia nakosea: maji hupanda kidogo pembeni yanapogusa kioo, kwa hiyo kipimo ni chini, pale katikati yanapobonyea. Nikamjibu mbele ya wanafunzi kwamba nilianza kusoma mrija ule yeye bado anafungwa viatu na mama yake. Tangu hapo idara nzima inajua kwamba Mzee habadiliki.

Dada, nilibadilika. Kesho yake, nikiwa peke yangu, niliinama mpaka jicho likawa sawa na maji, nikaona binti amesema kweli. Tangu asubuhi ile nasoma chini, na nilinyamaza tu. Ni tofauti ya mstari mmoja, lakini kila siku ya mvua, mwaka mzima, inakuwa nyingi. Pale jukwaani, napigiwa makofi, ndipo ile miaka minne iliponigonga. Mvua haikupungua. Ni mimi niliyeinama.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwake. Nishani ilikuwa bado ndani ya kasha, juu ya mafaili. Nilimweleza yote nimesimama. Akavua miwani, akauliza neno moja.

“Tarehe unaikumbuka, mzee wangu?”

Nikamwonyesha daftarini. Siku ile niliweka nukta pembeni ya tarakimu, sijui kwa nini. Akasema mtu wa kukosea vilevile miaka kumi na mitano, bila kupatia hata siku moja, hajapata kumwona, na kwamba hilo ndilo litakalotuokoa: tutatoa mstari mmoja kila siku ya mvua mpaka tufike kwenye nukta. Mimi naihesabu hiyo kuwa sifa. Amekwisha kuwaandikia wakubwa kwamba wakulima wasiambiwe kitu, na nishani ameirudisha. Daftarini tumefika mwaka wa tatu. Mimi nasoma, yeye anatoa.

Nilimwomba jambo moja tu, binti asijue. Alikataa. Akasema nitamwambia mwenyewe, mbele ya wanafunzi, kama nilivyomjibu. Basi ni kesho saa tatu, kwenye mrija. Koti nitavaa.

Nisalimie shemeji na wajukuu, uwaambie nilipigiwa makofi. Hayo mengine yabaki kwetu.

Mdogo wako,
Msoma mvua