Yule Polisi Anayenusa Mazulia

Mujukuu wangu Salome, jambo sana. Huku Kabambare tuko wazima, na dada yako amejifungua mutoto mwanamuke.

Unaniuliza ninapendea nini ile filamu ya polisi anayepiga magoti kunusa mazulia. Nilipoolewa kule Kasongo, mafuta ya mawese yalipungua ndani ya mutungi, na macho yote yakanigeukia mimi, muke mugeni. Shangazi ya babu yako, ambaye watu walimucheka kwa sababu aliongea na kuku, akapiga magoti, akanusa udongo chini ya mutungi.

"Muacheni mutoto wa watu," akasema. "Mutungi iko na ufa. Udongo ndio umekunywa."

Basi yule polisi akipiga magoti, wewe unacheka, mimi ninapumua.

Nyanya yako